Fundi Mfereji

Bi Nasriya alifundisha miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili ya mwisho akiwa mkuu wa skuli ya wasichana, na tangu astaafu hakuna aliyemwona akikosa jibu. Muulize dawa ya mgongo, anayo. Muulize kwa nini mkate wa kumimina umekaa kama chapati, atakwambia kabla hujafika kwenye neno mkate. Ila yake moja, na ninaisema kwa mapenzi, ni kwamba jibu humfikia kabla ya swali, na swali likichelewa yeye halisubiri.

Kwa hiyo Resty alipomjia Ijumaa ile baada ya chakula cha mchana, mikono bado ina povu la sabuni, akaanza kusema kwamba mdogo wake Matovu anasafiri Jumapili alfajiri na yeye moyo wake haujatulia, Bi Nasriya alikuwa ameshajibu. Aende. Kwani kuna la kufikiri hapo? Resty alikuwa Mganda wa miaka ishirini na sita, mwaka wa pili sasa akifanya kazi katika nyumba ile ya Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Muscat, na alikuwa ameshazoea kukatwa maneno katikati. Akarudi jikoni na nusu ya sentensi yake mdomoni.

Kisa chenyewe kilianza miezi mitano nyuma. Kaka yake Resty, Kayondo, alipata ajenti Kampala aliyempeleka Ulaya, kwenye nchi ya baridi kali, kufanya kazi ya ghala. Alipofika, ghala halikuonekana. Katika ujumbe wa sauti wa mwisho aliompelekea dada yake, kwa Kiganda, alisema wamehamishiwa mashambani na kazi yao sasa ni kuchimba. Resty akamfasiria mama yake wa kazi kwa Kiswahili chake cha bara: anasema wanachimba mifereji.

Sasa basi. Kwa Resty mfereji ni mtaro, shimo refu lililochimbwa ardhini. Kwa Bi Nasriya, aliyezaliwa Unguja akakulia Muscat bila kukubali kupoteza hata neno moja la mamake, mfereji ni ule unaoufungua jikoni maji yakatoka, na fundi mfereji ni yule unayemwita ukivuja. Bi Nasriya alifurahi kwelikweli. Fundi mfereji wa Ulaya! Alisema huko fundi mfereji anapata kuliko daktari, na tena haitwi, anaombwa. Resty alijaribu kusema kwamba sauti ya Kayondo haikuwa sauti yake. Bi Nasriya akamuuliza nani atakuwa na sauti nzuri na ameshinda chini ya sinki.

Hata picha ilipokuja haikumtikisa. Kayondo alikuwa amesimama kwenye tope lililomfika magotini, kuta za udongo kulia na kushoto, kofia ya sufi imemfunika masikio, anajaribu kucheka. Bi Nasriya aliitazama kwa miwani, akasema mashallah, kazi kubwa hiyo, lazima wanapitisha maji ya mji mzima. Baada ya picha hiyo Kayondo akanyamaza. Zilikuwa zimetimia wiki tatu, na Bi Nasriya hilo pia alikuwa na jibu lake: chini ya ardhi simu haishiki.

Maneno hayo Resty aliyapeleka kwao kama yalivyo, kwa kuwa yametoka kwa mwalimu mkuu. Baba yao akayarudia kanisani mbele ya watu. Ndipo Matovu, kitinda mimba, aliyekuwa na kazi yake ya ulinzi pale Kampala na hana shida na mtu, naye akaenda kwa ajenti yuleyule.

Lakini Ijumaa ile Bi Nasriya alikuwa na jambo zito zaidi, kwa maoni yake. Ilikuwa zamu ya filamu.

Zahor, mtoto wa dada yake, kijana wa benki mwenye ndevu zilizopimwa kwa rula, alikuwa ameanzisha kikao. Kila Ijumaa ya pili, baada ya sala ya Alasiri, jamaa hukusanyika katika majlisi ya Bi Nasriya, pazia hufungwa, na ukutani hurushwa filamu ambayo Zahor huiita makini. Filamu makini, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, ni ile ambayo watu wote wanakufa na hakuna nyimbo. Siku hiyo alileta ya Kijerumani, ya vita vikuu vya kwanza, ya mahandaki mwanzo mpaka mwisho, imetengenezwa kuwafanya watu wavichukie vita na imejaa tuzo. Maneno yake ya Kijerumani yalikuwa yamefasiriwa kwa Kiarabu chini ya picha. Zahor aliteremsha kiyoyozi mpaka kumi na sita, akaeleza kwamba filamu hii haitazamwi tu, mtu anaishi ndani yake. Wifi yake Bi Nasriya, Bi Sabah, akaishi ndani ya shali mbili.

Walikuwepo wanne ukiacha mwenye nyumba. Zahor mwenyewe na Bi Sabah. Mzee Marhoon, mjomba wa wote, miaka themanini na miwili, ambaye Mjerumani kwake bado ni Mdachi. Na Thani, binamu, aliyestaafu jeshini na cheo kizuri baada ya kulinda bohari la magodoro na mablanketi miaka ishirini na sita. Thani alitoka Al Amerat, na alipofika aliisimulia ile njia ya kushuka mlimani, magari na kona zake, hata ungedhani ameivuka na askari mia. Wakati anavua viatu alimuuliza Bi Nasriya kwa nini bustani imekauka. Bi Nasriya akalalamika kwamba mtunza bustani alirudi kwao tangu mwezi wa pili na watu hawapatikani. Alisema, na wote walisikia, kwamba sasa atamchukua mtu yeyote almuradi ana mikono miwili.

Filamu ikaanza. Ilikuwa ya mtoto wa mtengeneza saa aliyechukuliwa kijijini na wenzake, wakapewa masepetu na kuambiwa na kapteni mwenye masharubu kwamba nyinyi hampigani, nyinyi mnachimba tu. Kuanzia hapo ilikuwa mvua, tope na panya. Wachimbaji wakaanza kuanguka mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Na katika majlisi ya Bi Nasriya watazamaji nao wakaanza kazi yao.

Mzee Marhoon alipoliona neno khandaq limeandikwa chini ya picha alifurahi kama aliyekutana na jamaa yake ugenini. Akawakumbusha kwamba khandaki ni shauri la Salman al-Farisi, Mungu amridhie, alilompa Mtume pale Madina, na kwamba Mdachi amelichukua na hakusema hata ahsante. Tena amelichimba vibaya. Kila neno lile lilipotokea, na filamu yenyewe ilikuwa haina neno jingine, mzee alilisoma kwa sauti na kumtaja Salman upya.

Thani yeye aliona makosa ya kijeshi. Hapa wangezunguka kushoto. Pale wangesubiri kiza. Alipokufa kikosi kizima kwa mara moja alitikisa kichwa akasema huo ni uzembe wa uongozi, ingelikuwa yeye wasingekufa zaidi ya watano. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Thani alivilinda vitanda vingi bila kukilalia hata kimoja. Bi Sabah kilichompendeza ni meza ya jenerali: vitambaa vya lasi, vikombe vyembamba, kuku wa kuoka. Alisema hawa watu hata vitani wana ustaarabu. Alikula katlesi tatu wakati wa shambulio la kwanza, ambamo ungehesabu maiti arubaini ukachoka, na hakupepesa jicho. Halafu akafa mbwa wa kapteni. Bi Sabah alilia hata Resty akaitwa alete boksi la karatasi za kufutia machozi.

Zahor aliyaacha yote hayo yampite. Yeye alikuwa akisema polepole, mkono hewani, kuhusu rangi ya kijivu, na ukimya, na namna kamera inavyokataa kuangalia pembeni. Na Bi Nasriya alisikiliza kila mmoja, akamsahihisha kila mmoja, huku akiwaza maneno ya kufungia kikao, kwa kuwa ni yeye anayetoa alama mwishoni, kati ya ishirini. Alikuwa ameshafika kumi na saba. Alikata moja kwa sababu ya matusi.

Kila alipoingia na sinia, Resty alichelewa kutoka. Bi Nasriya aliliona hilo akalisamehe. Msichana naye anajifunza. Baada ya Maghrib, walipokwisha kusali na kurudi kwenye mablanketi yao, Resty aliingia na kahawa akasimama katikati ya majlisi, kivuli chake kikaziba nusu ya ukuta. Pale ukutani mtoto wa mtengeneza saa alikuwa amekaa ndani ya shimo, tope magotini, kuta za udongo kulia na kushoto, anakula kwenye kopo.

"Mama," Resty alisema, "hiyo kitu wanakaa ndani yake, kwa Kiswahili chenu inaitwaje?"

Wakamjibu wote kwa pamoja kwamba ni khandaki, na Mzee Marhoon akawa anajiandaa kumleta Salman.

"Sisi tunaita mfereji," Resty akasema.

Walicheka, na kwa nini wasicheke. Thani alijipiga paja. Bi Sabah alisema kumbe Wajerumani walishindwa kwa kuwa walipigana ndani ya mfereji, ungefunguliwa wangeloa wote. Bi Nasriya hakucheka, yeye alimhurumia, akanyoosha kidole kama aliye mbele ya ubao.

"Mfereji, mwanangu, ni ule wa jikoni, unaoufungua ukatoka..."

Hapo sentensi ikasimama yenyewe. Hakuna aliyeikata. Jamaa wa Bi Nasriya walimjua miaka mingi, na huo ulikuwa mwanzo wa kumsikia akiacha neno njiani.

Resty aliweka sinia chini. Alitoa simu kwenye mfuko wa nguo yake, akaitafuta picha, akaiweka juu ya meza, kando ya tende. Bi Nasriya aliiangalia picha akauangalia ukuta. Aliirudia picha. Magogo yaliyozuia udongo yalikuwa yaleyale. Tope lilikuwa lilelile. Kilichozidi kwenye simu ni rangi, na kwamba yule aliyesimama ndani yake alikuwa na jina, na miezi miwili nyuma Bi Nasriya aliwahi kumsalimia kwa simu akamwambia ajitahidi.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Bi Sabah alisema maskini. Mzee Marhoon hakuona vizuri akaipitisha. Thani ndiye aliyekaa nayo, akaikuza kwa vidole viwili, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imepungua. Alionyesha ngazi ya udongo nyuma ya mguu wa Kayondo. Alisema hapa ndipo mtu anapopanda ili apige risasi, na kwamba hakuna duniani watu wanaopitisha mabomba ya maji kwa namna hii. Hilo tu ndilo alilolijua kwa hakika jioni nzima, na namshukuru alilisema.

Zahor aliuliza kwa adabu kama aisimamishe filamu. Akaiacha iende bila sauti.

Bi Nasriya akauliza Matovu anasafiri lini, kana kwamba hakuambiwa mchana uleule. Resty akamwambia, akapiga simu, akaiweka sauti nje. Matovu alipokea kwa furaha. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kazi ya ulinzi na alikimwaga bila kuogopa. Alimsalimia mama mwalimu, akamshukuru kwa ushauri, akasema begi limeshafungwa na watu wa kanisani wamemwombea. Bi Nasriya alimwacha amalize, jambo ambalo nalo halikuwa kawaida yake, kisha akamweleza kwamba asubiri kwanza, kwamba kuna filamu ya Wajerumani wa mahandakini, kwamba hiyo mifereji siyo ya maji.

"Hiyo sinema niliona, mama," Matovu akasema, akicheka. "Kwa kibanda cha video. Yule jamaa wa kutafsiri kwa maikrofoni alituchekesha mpaka benchi ikavunjika. Lakini mama, wale walikufa ni wale walitoka nje. Mimi si mjinga. Mimi nitakaa ndani ya mfereji, nachimba."

Kwenye ukuta kapteni alikuwa akipuliza filimbi isiyosikika. Zahor alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kitu kuhusu kamera. Akaufunga.

Bi Nasriya alimwambia Matovu kwamba huyo aliyetafsiri alikuwa mjinga na wenye benchi pia. Alimweleza juu ya picha, juu ya ile ngazi ya kupandia. Alimwambia kaka yake amenyamaza wiki tatu na si kwa sababu ya simu kutoshika. Upande wa pili kicheko kikaisha. Matovu akauliza swali ambalo lilikuwa rahisi mno, na kwa hiyo likawa gumu kuliko yote yaliyoulizwa katika kikao kile tangu kianzishwe.

"Sawa mama, nisiende. Kazi ya ulinzi nimeacha. Resty anasema bustani yako haina mtu. Nitumie karatasi nije kwako?"

Laiti ungeziona nyuso zile. Watu hawa walikuwa wameomboleza saa mbili nzima juu ya vijana wa Kijerumani waliokufa miaka mia na zaidi iliyopita. Mmoja alilia kwa ajili ya mbwa. Sasa kaja kijana mzima, mwenye mikono yake miwili, anaomba kumwagilia miti, na kila mmoja akakumbuka kahawa yake. Thani alisema karatasi siku hizi hazitoki kirahisi. Bi Sabah alimnong'oneza wifi yake kwamba ndugu wawili katika nyumba moja si vizuri, watakuwa na siri zao. Zahor alisema suala hili ni la kimfumo. Mzee Marhoon akauliza nani huyo anayezungumza, akaambiwa, akasema Mungu atamfungulia, na akachukua tende.

Na Bi Nasriya? Laiti ningeweza kukupeni habari njema hapa. Alifikiria ofisi na foleni zake. Alifikiria chumba cha uani kilichojaa majenereta mabovu na vitabu vya skuli. Alifikiria namna Bi Sabah atakavyolisema jambo hili huko aendako. Halafu, kwa ile sauti yake nzuri ya ofisini, akasema:

"Tutaangalia, mwanangu."

"Asante mama," Matovu akajibu. "Nimeelewa."

Simu ikakatika. Resty aliichukua, akalichukua na sinia, akatoka bila kuinua macho. Mlango wa jikoni ulifungwa polepole, na nadhani wote wangependa ungegongwa.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na saba. Zahor alisema hivyo kwa sauti ya chini, na kwamba mwisho ndio wenye ujumbe. Hakuna aliyekataa. Akarudisha sauti. Mizinga ikaanza tena kunguruma katika majlisi, Bi Sabah akavuta shali, na baada ya muda Thani akasema kwamba hapa sasa wamekosea kabisa. Asiyekuwepo na lake halipo: Kayondo na Matovu walikuwa wameshaondolewa mezani pamoja na vikombe.

Bi Nasriya hakuuona ukuta. Neno lile alilolisema lilikuwa likimrudia. Alilijua vizuri, lilikuwa chombo chake cha kazi miaka kumi na miwili. Kila mwanzo wa mwaka walikuja wazazi na watoto ambao hakutaka kuwachukua, na badala ya kuwaambia hapana, aliwaambia tutaangalia, akawafungulia mlango kwa heshima. Hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kurudi kuuliza kama ameshaangalia. Maskini hujua maana ya neno hilo hata ukilisema kwa Kichina. Aliona aibu. Si ile aibu ndogo ya kukosea mbele ya wageni, ambayo dawa yake anayo. Hii hakuwa na dawa yake. Alikuwa amempoteza mtu mmoja kwa neno asilolijua, na sasa anampoteza wa pili kwa neno analolijua.

Aliinuka katikati ya shambulio la mwisho, akampita Zahor mbele ya macho, akaenda jikoni.

Resty alikuwa akisuuza vikombe. Hakugeuka. Bi Nasriya akamwambia ampigie Matovu, amwambie mama amesema asiende, aje Muscat.

"Mpigie mwenyewe, mama," Resty akasema. "Maneno yako mimi nilishapeleka mara moja."

Kuna watu ambao wangemfukuza kazi msichana kwa jibu hilo, na kuna siku ambazo Bi Nasriya angekuwa mmoja wao. Alitoa simu yake mwenyewe, akauliza nambari, Resty akamtajia tarakimu moja moja bila kuacha kusuuza. Matovu alipopokea, Bi Nasriya hakuanza kwa salamu.

"Matovu, mimi nlikosea. Nlimwambia dada yako kazi ya Kayondo ni nzuri, na kazi yenyewe nlikuwa siijui. Sikuuliza. Nlidhani nnajua. Usende huko. Njoo kwangu, na ile tutaangalia nliyokwambia uitupe, haina maana yoyote."

Matovu aliuliza kama mtu mzima anavyouliza, hatua kwa hatua. Ofisi za kushughulikia karatasi zinafunguliwa lini? Bi Nasriya akamwambia Jumapili saa moja na nusu asubuhi, kwa kuwa leo na kesho ni mapumziko. Matovu akamkumbusha kwamba ndege yake inaondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo ataiacha ndege kabla ofisi hazijafunguliwa, na baba yake na kanisa zima wakimtazama. Mkononi atakuwa ameshika nini?

Bi Nasriya alitafuta jibu. Alitazama chini, kwenye vigae, kama vile huenda limeanguka hapo.

"Hutakuwa na kitu," akasema. "Utakuwa na neno langu tu."

"Nipe Resty," Matovu akasema.

Resty akafuta mikono kwa kanga iliyotundikwa mlangoni, akaichukua simu. Wakazungumza Kiganda. Bi Nasriya hakuelewa hata neno, na hakuwa na la kufanya ila kusimama kando ya jiko lake mwenyewe na kumtazama Resty usoni, akitafuta dalili. Huko majlisi muziki wa huzuni ulikuwa umeanza, wenye vinanda, na Bi Sabah alisikika akipenga kamasi. Matovu aliuliza jambo moja fupi. Resty alimgeukia Bi Nasriya, akamwangalia kuanzia miwani mpaka viatu vya ndani, kwa utulivu, bila haraka na bila adabu. Miaka thelathini na mmoja Bi Nasriya aliwaangalia wasichana hivyo, kabla ya kuwapa alama, na wala hakujua kwamba inauma.

Mwisho Resty akasema maneno machache kwenye simu, akakata, akamrudishia.

"Kakuuliza nini?" Bi Nasriya alisema.

"Ameuliza kama Mama anajua mambo anayosema."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia hajui," Resty akasema. "Nimemwambia lakini leo amekubali kwamba hajui. Kwa hiyo abaki, na amesema atabaki." Akavuta kiti chake cha plastiki kutoka pembeni, akakiweka jikoni katikati. "Sasa kaa hapa, mama. Unajua watu wa wizara wengi. Anza kuwapigia, tumtafute Kayondo."

Bi Nasriya akakaa.